Kabla ya Kuongeza Kumbukumbu

Wanachuo wetu warejeapo kutoka mazoezi ya kufundisha hutuletea maandalio ya masomo yaliyojazwa kila sehemu, na ni wajibu wetu wakufunzi kuyasoma hadi mstari wa mwisho. Katika mistari hiyo ya mwisho, mahali ambapo mwalimu hutakiwa kutoa tathmini ya somo na maoni yake, limejitokeza jambo ambalo halifai kupita bila kusemwa. Huandikwa hivi, au kwa maneno yanayofanana na haya: "Somo halikueleweka vizuri kwa sababu wanafunzi wengi wana kumbukumbu ndogo. Waongezewe mazoezi." Siku ya pili maneno ni yale yale. Wiki ya pili baadhi ya wanafunzi wamekwisha kutajwa kwa majina, kwamba hao ndio wazito.

Maneno hayo mimi nayapinga. Sisemi kwamba kumbukumbu ya mtoto haina mpaka. Inao, tena mpaka wenyewe u karibu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ninachokipinga ni ule mwendo wa fikra unaotoka moja kwa moja kwenye "kumbukumbu haikutosha" hadi kwenye "basi iongezwe", bila kupitia swali lililo katikati: kilichojazwa humo ni nini, na kilipangwa namna gani?

Ili kulieleza jambo hili nitawapeleka wasomaji kiwandani. Najua kwamba wengi wenu mtafundisha Darasa la II au la V, wala hamtarajii kufungua kabati la umeme la mashine ya kujaza chupa. Lakini huko kiwandani upo mtambo ambao kumbukumbu yake huhesabika hatua kwa hatua, huisha, na katika aina nyingine huweza kuongezwa kwa mkono. Fundi anayeutunza hukutana na tatizo lile lile tunalolalamikia sisi madarasani, ila yeye ana bahati ya kuweza kuliona na kulihesabu.

Mtambo huo mafundi huuita kwa herufi zake tatu, PLC. Katika makala haya nitauita kidhibiti. Ni sanduku ambalo katika aina ndogo halizidi sana tofali la kuchoma, na hufungwa ndani ya kabati la umeme karibu na mashine. Upande mmoja huingia nyaya kutoka kwenye swichi na vitambuzi: kimoja huona kwamba chupa imefika, kingine hueleza kwamba mlango wa mashine umefungwa, kingine hupima kina cha maji tangini. Upande wa pili hutoka nyaya za kuwasha mota, kufungua vali na kupiga king'ora. Katikati imo programu, yaani orodha ya maelekezo. Kidhibiti husoma hali ya nyaya zote zinazoingia, hutekeleza maelekezo kuanzia la kwanza hadi la mwisho, hutoa amri kwenye nyaya zinazotoka, kisha huanza upya, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi katika sekunde moja. Mitambo ya aina hii imo katika viwanda vya bia, sukari, saruji na maji ya chupa, hapa kwetu na kwingineko duniani.

Asili yake ni Marekani. Mwaka 1968 idara ya Hydramatic ya kampuni ya General Motors, iliyokuwa ikitengeneza giaboksi za magari, ilitafuta kitu cha kuchukua mahali pa rilei. Rilei ni swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme, na katika kiwanda kikubwa zilijaa makabati kwa makabati. Kila muundo wa gari ulipobadilika, nyaya zilipaswa kufumuliwa na kufungwa upya. Kampuni ndogo ya Bedford Associates ya Massachusetts, ambayo mmoja wa wahandisi wake alikuwa Dick Morley, ilitengeneza kidhibiti kilichoitwa Modicon 084. Namba 84 ilitoka kwenye hesabu ya kazi za kampuni hiyo: hii ilikuwa ya themanini na nne.

Morley, aliyefariki mwaka 2017, alisimulia mwenyewe kwamba mtambo wao wa kwanza kabisa, ambao haukupata kupelekwa kwa mnunuzi, ulikuwa na kumbukumbu ya maneno 125 tu. Kwa lugha ya kompyuta, neno ni kijisehemu kimoja cha kumbukumbu. Walipojaribu kugeuza makabati ya rilei kuwa maelekezo, kumbukumbu iliisha mara moja, na mtambo ukawa mzito kuliko rilei zenyewe. Wakaipanua hadi takriban maneno 1,000, halafu hadi 4,000, na hapo pakatosha kwa muda mrefu. Kadhalika Morley alieleza kwamba ule wa maneno 3,000 waliouuza ulikuwa ni wa 4,000 uliowekewa kizuizi, ili mteja akihitaji nyongeza baadaye aipate bila taabu. Biashara nayo ina hila zake.

Kwa hiyo haja ya kupanua kumbukumbu ilizaliwa pamoja na mtambo wenyewe, na hapakuwa na aibu katika kuipanua. Maneno 125 hayakuweza kubeba kazi ya kabati zima la rilei hata yangepangwa kwa ustadi gani. Hilo nalitaja mapema ili nisije nikadhaniwa kuwa nafundisha ubahili.

Sasa tutazame namna nyongeza hiyo inavyofanyika. Nitatumia mfano wa kidhibiti cha Kijapani, FX2N cha kampuni ya Mitsubishi, ambacho hakitengenezwi tena lakini mafundi wangali wanakutana nacho kwenye mashine zilizonunuliwa zamani. Kumbukumbu yake ya ndani ina nafasi ya hatua 8,000 za programu. Agizo dogo, kama lile la kutazama hali ya swichi moja, huchukua hatua 1. Agizo la kuanzisha taima huchukua hatua 3. Lile la kuhamisha namba kutoka mahali pamoja hadi pengine, kwa namba ya kawaida, huchukua 5. Fundi akipachika kaseti ya kumbukumbu inayofaa, nafasi hufikia hatua 16,000.

Tuseme kiwanda kimeongeza mkanda wa pili wa kusafirishia chupa. Fundi kijana anaandika maelekezo ya mkanda huo, anajaribu kuyaingiza, naye anaambiwa na chombo chake kwamba nafasi haitoshi. Anamwendea mkuu wake wa karakana na kusema, "Mzee, kumbukumbu ya mtambo huu ni ndogo, tuagize kaseti." Mkuu wa karakana anayeijua kazi yake hatatia sahihi hati ya kununulia hapo hapo. Atamwuliza kwanza: nafasi iliyopo imetumiwa na nini?

Swali hilo si la kumchelewesha kijana. Katika FX2N nafasi ya hatua 8,000 si ya maelekezo peke yake. Humo humo mwaweza kutengwa nafasi ya maelezo, yaani yale majina yanayoandikwa ili msomaji ajue kwamba waya fulani ni wa mota ya pampu. Kila fungu la maelezo 50 hula hatua 500. Humo humo pia mwaweza kutengwa mafungu ya kuhifadhi namba, na kila fungu la namba 500 hula hatua 500. Ikiwa aliyetangulia alitenga mafungu 2 ya maelezo na 4 ya namba, basi hatua 3,000 zimekwisha ondoka kabla ya agizo la kwanza kuandikwa, na zilizobaki ni 5,000. Pengine yale mafungu ya namba yalitengwa kwa kazi iliyoachwa miaka mingi iliyopita, na hakuna anayeyasoma. Yakiondolewa, hatua 2,000 hurudi bila senti moja kutumika.

Kisha mkuu wa karakana ataisoma programu yenyewe. Atakuta, mathalani, hesabu ya kugeuza kipimo cha kina kuwa lita imeandikwa mara 12 kwa ajili ya matangi 12, maelekezo yale yale, tofauti ikiwa ni namba ya tangi tu. Hesabu hiyo ikichukua hatua 60, matangi yote yanachukua 720. Lakini yaweza kuandikwa mara moja tu, kama kijiprogramu kinachoitwa kila kinapohitajika. Kila mwito huhitaji hatua chache za kutaja tangi na za kuita, na jumla yake haifiki 200. Si kila sehemu hukubali kufupishwa namna hii. Taima hasa zina masharti yake, na fundi anayefupisha ovyo atakuja kuona pampu mbili zikigombea taima moja. Lakini pale inapowezekana, programu huwa fupi, na tena husomeka kwa urahisi zaidi na atakayekuja baadaye.

Hatimaye atakuta maelekezo ambayo hayaonekani kuwa na kazi. Hapa fundi mwenye busara hupunguza mwendo. Mstari unaoonekana kuwa mfu huenda ndio unaozuia mashine isizunguke wakati mlango wake u wazi na mkono wa mtu umo ndani. Haufutwi mpaka ijulikane uliwekwa kwa nini.

Baada ya hayo yote, ikiwa nafasi bado haitoshi, kaseti hununuliwa, na hakuna wa kulaumiwa. Hata hivyo kupachika kaseti si jambo la kusukuma na kusahau. Programu hunakiliwa kwanza mahali salama, umeme huzimwa, kaseti huingizwa, kisha kipimo cha nafasi katika vigezo vya mtambo hubadilishwa kutoka 8,000 kuwa 16,000, kwa maana mtambo usipoambiwa kwamba nafasi imeongezeka hautaitumia. Tena kaseti ikiwamo, kumbukumbu ya ndani huwekwa kando na mtambo hufuata kaseti peke yake. Hazijumlishwi. Kwa sababu hiyo, anayenunua kaseti ya hatua 4,000 akidhani atapata 12,000 atajikuta na 4,000, yaani nusu ya alichokuwa nacho asubuhi. Nawaomba wanachuo wakae na jambo hili kidogo, maana nitalirudia.

Vipo pia vidhibiti ambavyo ndani yake kumbukumbu ni za namna mbili. Katika aina ya S7-1200 ya kampuni ya Siemens ya Ujerumani, iko kumbukumbu ya kupakia, inayotunza programu nzima hata umeme ukikatika, na iko kumbukumbu ya kazi, ambamo yale yanayotekelezwa huwekwa wakati mtambo unapofanya kazi. Ile ya kupakia yaweza kupanuliwa kwa kuingiza kadi. Ile ya kazi haipanuliwi. Imefungwa na kiwanda, na anayetaka kubwa zaidi hana budi kununua kidhibiti kingine. Fundi asiyejua tofauti hii huingiza kadi kubwa, kisha hushangaa kuambiwa tena kwamba nafasi imekwisha.

Hapo ndipo ninapotaka kuingia darasani.

Wataalamu wa elimu-nafsi nao hutenganisha kumbukumbu ya muda mrefu ya binadamu na ile ya kazi. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba mtu huweza kushika kwa mara moja mambo takriban saba, akizidisha au kupunguza mawili. Mwaka 1974 Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza kumbukumbu ya kazi kuwa ni mahali pa kushikilia mambo na wakati huo huo kuyafanyia kazi. Mwaka 2001 Nelson Cowan alitoa hoja kwamba hesabu ya Miller ilikuwa ya ukarimu, na kwamba mambo yenyewe ni kama manne. Tusigombane juu ya saba au manne. Kwa vyovyote ni machache, ni machache kwa mtu mzima, na kwa mtoto wa Darasa la II ni machache zaidi.

Je, yaweza kuongezwa kwa mazoezi? Wako waliotumaini hivyo, na michezo ya kompyuta ikauzwa kwa wazazi kwa ahadi hiyo. Mwaka 2013 Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walizikusanya tafiti zilizokuwa zimefanyika na kuzipima kwa pamoja. Waliona kwamba watoto huendelea katika ule mchezo wanaoufanyia mazoezi, lakini maendeleo hayo hayahamii kwenye kusoma wala kwenye hesabu. Kwa maneno mengine, kadi huingia upande wa kupakia, na kumbukumbu ya kazi hubaki ilivyo. Basi mwalimu anayeandika "waongezewe mazoezi" kwa nia ya kuipanua kumbukumbu hiyo anaagiza kaseti isiyotengenezwa na kiwanda chochote.

Nitatoa mfano wa somo nililolikagua katika shule moja, Darasa la V, somo la Hisabati. Mwalimu mwanafunzi, kijana mwenye sauti nzuri na mwenye kulipenda darasa, aliwasomea watoto fumbo hili: mkulima alivuna magunia 36 ya mahindi, kila gunia lina uzito wa kilo 90, aliuza theluthi moja ya magunia kwa shilingi 700 kila kilo, alipata shilingi ngapi? Vitabu vilikuwa vichache, kwa hiyo alilisoma kwa mdomo mara mbili. Ubaoni palikuwa na maelezo ya somo lililopita, na hakutaka kuyafuta kwa kuwa wapo waliokuwa hawajamaliza kuyanakili.

Tuhesabu kama anavyohesabu mkuu wa karakana. Mtoto alipaswa kushika 36, 90, theluthi moja na 700. Hayo ni manne. Alipaswa kukumbuka kinachoulizwa: fedha, si kilo. Hilo ni la tano. Alipaswa kuamua aanze na lipi, na kila jibu la katikati, magunia 12 na kisha kilo 1,080, alipaswa kulishika huku akitafuta linalofuata. Na yule ambaye jedwali la kuzidisha halijamkaa, 12 mara 90 kwake ni kazi nzima ya kujitegemea, ambayo humsukumia nje yote aliyokuwa ameyashika. Watoto 9 kati ya wote waliokuwamo walipata shilingi 756,000. Katika tathmini mwalimu aliandika yale maneno ninayoyapinga.

Kulikuwa na njia gani? Kufuta ubao, kwanza. Nafasi ilikuwapo, imeshikwa na namba zisizosomwa na mtu. Kuandika 36, 90, theluthi na 700 ubaoni, kila namba na jina lake, ili ubao uzishike badala ya vichwa. Kuchora magunia, au kupanga vizibo 36 vya soda mezani na kuvigawa mafungu matatu mbele ya macho yao. Kuuliza swali moja kwa wakati: magunia mangapi yaliuzwa? Mkishajua, kilo ngapi? Na baada ya siku mbili tatu za mafumbo ya namna hiyo, kuanza kuondoa misaada mmoja mmoja. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai fedha. Madarasa yetu yana watoto wengi na vitabu vichache, hilo nalijua, lakini uhaba wa vitabu ndio unaozidisha haja ya kuutumia ubao vizuri, kwa maana mtoto asiye na kitabu mbele yake hana mahali pengine pa kuweka namba isipokuwa kichwani.

Sasa nirudi kwenye ile kaseti ya hatua 4,000. Wapo walimu ambao, wakiona somo halikueleweka, huongeza: maelezo zaidi ubaoni, njia ya pili ya kufanya hesabu ile ile, methali ya kukumbushia, wimbo wa kukumbukia kanuni. Kila kimoja kina nia njema. Lakini mtoto ambaye hajaikamata njia ya kwanza, akipewa ya pili dakika hiyo hiyo, hapati njia mbili. Mara nyingi hupata nusu ya moja. Nyongeza imechukua mahali pa kile alichokuwa nacho. Nadhani hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote katika masomo ninayoyakagua, na linafanywa zaidi na walimu wenye bidii kuliko na wavivu.

Kuhusu kufuta, nawaonya kama anavyoonya yule mkuu wa karakana. Asije mwanachuo akasoma makala haya akaenda kukata kila kinachoonekana kuwa cha ziada. Maswali matano ya marudio mwanzoni mwa kipindi huonekana kama kupoteza dakika, na mkaguzi mwenye haraka huenda akasema hivyo. Lakini ndiyo yanayoyavuta yale ya jana yawe tayari kutumika leo. Aulize kwanza yaliwekwa kwa nini.

Mfano wa kidhibiti, hata hivyo, una mwisho wake, na vitabu vyetu vya Sayansi vinavyofananisha ubongo na kompyuta havina desturi ya kutuambia mwisho huo uko wapi. Kidhibiti hutunza hasa kile kilichotiwa, herufi kwa herufi, maadamu betri ni nzima au kaseti ni ya aina isiyohitaji betri. Mtoto hatunzi hivyo. Husahau, hukumbuka upya, na katika kule kukumbuka upya jambo humkaa zaidi. Tofauti kubwa kuliko hiyo ni ya nafasi. Katika FX2N kila fungu la namba 500 hupunguza nafasi ya maelekezo, kama gunia linavyopunguza nafasi ya ghala. Katika kichwa cha mtoto, kile kilichokaa sawasawa katika kumbukumbu ya muda mrefu hakibani nafasi ya kujifunza, kinaifungua.

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani walichapisha uchunguzi wao juu ya wachezaji wa sataranji. Bingwa alionyeshwa ubao wa mchezo kwa sekunde chache, akaweza kupanga upya kete nyingi mno kuliko mchezaji mchanga. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, pasipo mpango wa mchezo wowote, ubingwa wake ulikaribia kutoweka. Kumbukumbu yake ya kazi haikuwa kubwa kuliko ya wenzake. Alichokuwa nacho ni mafungu ya kete anayoyajua kwa muda mrefu, na kila fungu kwake lilikuwa jambo moja. Mtazameni mzee anayelijua bao anavyousoma mchezo kwa kutupa jicho, mtaelewa.

Kwa sababu hiyo mimi ni mtetezi wa jedwali la kuzidisha kujulikana kwa moyo, na najua kwamba wapo wenzangu wakufunzi wanaoliona jambo hilo kuwa la kizamani. Mtoto ambaye kwake 12 mara 9 ni 108 bila kufikiri hajawa kasuku. Amefanya lile lile analofanya fundi anapoandika hesabu ya matangi mara moja na kuiita kwa hatua chache kila inapohitajika. Vivyo hivyo katika kusoma: anayeunganisha herufi moja moja, m na a, k na a, hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake, na mwalimu humdhania hana akili ya ufahamu. Mtaala wa Darasa la I na II ulioanza mwaka 2015 uliweka mkazo katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na kwa maoni yangu mkazo huo ulikuwa wa haki kwa sababu hii hasa. Mazoezi basi yana kazi yake kubwa, ila kazi hiyo ni kujaza ile kumbukumbu inayopanuka, kwa mambo machache yanayorudiwa mara nyingi, siku mbalimbali. Kumpa mtoto mafumbo 20 ya magunia jioni moja, yote ya aina iliyomshinda asubuhi, ni jambo jingine kabisa.

Wapo watoto wenye matatizo ya kweli: asiyesikia vizuri, asiyeona ubao, mwenye njaa, mwenye homa isiyotibiwa, na wachache ambao kumbukumbu yao ya kazi ni ndogo kuliko ya wenzao. Mwalimu hana budi kuwatambua na kutafuta msaada. Lakini hawawezi kuwa darasa zima kasoro 9. Na yule anayeitwa mzito mbele ya wenzake akiwa na miaka kumi hulisikia jina hilo, huliamini, na baada ya muda huacha kunyoosha mkono. Kidhibiti hakiumizwi na fundi anayekisingizia. Kesho akikipa programu nzuri kitaitekeleza kama kawaida.

Katika mazoezi ya kufundisha yajayo, maandalio yatakayonifikia yakiwa na maneno "wana kumbukumbu ndogo" nitayazungushia duara na kuandika pembeni swali moja: katika dakika somo lilipoharibika, mtoto alikuwa ameshika mambo mangapi kichwani, na ni mangapi kati ya hayo yangeweza kuwa ubaoni? Ninataka jibu la namba, na orodha ya mambo yenyewe.